Mwalimu Aondokapo Kijijini, Deni ni la Nani?

Kila asomaye ukurasa huu alifundishwa herufi na mtu fulani. Labda alikaa juu ya tofali, au juu ya ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, akaandika A na E mchangani kwa kidole chake, na mbele yake alisimama mwalimu. Wengi hukumbuka jina la mwalimu huyo na sauti yake, na wengine hata fimbo yake. Wachache hujiuliza jambo moja dogo: mwalimu yule alikula nini? Alilala wapi? Mkewe alipika kitu gani siku ya Jumatatu, na siku ya Ijumaa? Maswali haya yaonekana kuwa ya jikoni tu. Lakini ndani yake mna neno kubwa la haki, na kijiji kisicholijibu hubaki na nyumba ya shule isiyo na mwalimu.

MFANO

Fikiri kijiji kilichomo msituni, upande wa njia ya reli itokayo Kindu kwenda Kibombo. Jina lake halina haja, maana vijiji vya namna hii ni vingi katika Maniema. Mwezi wa Septemba mwalimu kijana amewasili. Amemaliza sekondari ya ualimu mjini, amekuja kwa baiskeli, na mkewe amefuata nyuma na mtoto mgongoni. Watu wamempokea kwa nyimbo. Wamempa jogoo mmoja na kikapu cha mchele. Wamemwonyesha chumba katika nyumba ya mtu, wakisema, «Kaa hapa siku chache, mpaka tukujengee nyumba yako.»

Siku chache zimekuwa miezi mitatu. Mvua ya Novemba imepenya paa la majani na kulowesha godoro. Jina la mwalimu halikuonekana katika orodha ya mishahara ya Serikali. Kabla ya Noeli ameaga watoto, akisema aenda Kindu kuuliza habari za karatasi zake. Hakurudi. Baadaye wasafiri wamesema wamemwona Kalima, amesimama mtoni na wenzake, aosha kasiteriti.

Siku moja mzee wa kijiji kile ameshuka Kindu kuuza mafuta ya mawese, akakutana naye sokoni.

«Mwalimu, umetuacha. Watoto wakuuliza kila siku.»

«Baba, sikuwaacha kwa kuwachukia.»

«Tulikupokea vema. Tulikupa jogoo.»

«Ni kweli, Baba, nami nawashukuru. Jogoo yule tulimla Jumapili ile ile.»

«Lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu kila mtu hula jasho lake.»

«Baba, jembe nilikuwa nalo. Shamba ndilo sikupewa. Kila nilipouliza, niliambiwa: hapa ni pa ukoo huu, pale ni pa ukoo ule.»

Mzee amenyamaza kidogo, kisha akasema: «Ungalivumilia, mwanangu, ungalipata thawabu kwa Mungu.»

«Baba, mtoto wangu alishikwa na homa, na mkononi sikuwa na fedha ya dawa. Thawabu yangu ningaliingoja. Homa yake haikungoja.»

Wameachana kwa salamu, pasipo ugomvi, kila mmoja na huzuni yake. Nani kati yao amesema kweli? Wote wawili. Ndiyo sababu jambo hili lataka kufikiriwa polepole.

JE, MWALIMU AMETENDA KOSA?

Watu wengi humhukumu upesi. Husema: huyu ni mchungaji wa mshahara, yule wa Injili ya Yohane, amwonaye mbwa mwitu akakimbia. Lakini tazama vema. Mchungaji wa Injili alikimbia ili kujiokoa nafsi yake. Mwalimu wa mfano wetu alikuwa na kondoo wengine nyumbani mwake, mke na mtoto, ambao Mungu alimpa kuwatunza kabla ya wote. Baba aachaye watoto wake wafe njaa ili asifiwe na watoto wa wengine hajatimiza wajibu wake.

Wengine husema: Mtume Paulo alifundisha Korinto bila malipo, akala kwa kazi ya mikono yake, akishona mahema. Ni kweli. Lakini Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorinto kwamba afundishaye ana haki ya kuishi kwa kazi yake. Yeye aliiacha haki yake kwa hiari. Hakuna Mkorinto aliyemnyang'anya. Hapo ndipo penye fundisho lote. Sadaka hutolewa na mwenyewe. Jirani hawezi kuitoa kwa niaba yake. Kijiji kisemacho, «Mwalimu na ajitoe sadaka,» nacho hakijatoa hata kamba moja ya kufungia paa, kinatoa sadaka kwa mali ya mwingine.

Wapo pia wasemao: «Alikubali mwenyewe kuja, hakulazimishwa.» Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alilijibu neno hilo. Alifundisha kwamba mtu akikubali ujira usiomtosha kwa sababu ya shida iliyomkaba, kukubali kwake si hiari kamili, amedhulumiwa. Nayo katekisimu huhesabu dhambi nne zilizazo mbinguni, na moja yao ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Kwa hiyo mwalimu aondokaye kwa njaa hawezi kuitwa mtoro kama aondokaye kwa uvivu.

Hata hivyo mwalimu naye ana deni lake. Aliahidi mwaka mzima wa shule. Akiona hawezi, yampasa kusema mapema, mbele ya mkubwa wa shule na mbele ya wazazi, kabla hajafunga mzigo wake. Yampasa kuacha daftari la majina, na habari ya mahali alipofika katika masomo, ili atakayemfuata asianze gizani. Kuondoka usiku, au kusema «nitarudi» hali moyoni amekwisha kukata shauri, ni uongo, nao huwaumiza watoto mara mbili: hukosa masomo, tena hujifunza kwamba neno la mwalimu si la kushikwa.

Maana kati ya mzee na mwalimu wamesimama watoto, nao hawana deni kwa mtu yeyote. Mpunga ukikosa mvua mwaka huu, hupandwa tena mwaka ujao. Mtoto wa miaka sita hana miaka sita mara ya pili. Akifika miaka kumi bila kusoma, huona haya kuketi pamoja na wadogo, hushika njia ya machimbo, au, akiwa msichana, huozwa mapema.

MSHAHARA NI DENI LA NANI?

Jambo hili lina historia yake. Wakati wa Wabelgiji shule nyingi za vijijini zilikuwa za misioni. Mara nyingi katekista ndiye aliyekuwa mwalimu: alifundisha sala, kisha herufi na hesabu, katika kanisa dogo la majani. Kindu ilipofanywa Vikariati mwaka 1956, na kuwa jimbo mwaka 1959, makatekista hao walikuwa nguzo za vijiji vingi. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa shule zote. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano na makanisa: makanisa yaziongoze tena shule zao, na Serikali iwalipe walimu. Shule nyingi za primari za Kongo hata leo huongozwa kwa mapatano hayo. Kwa hiyo neno la kwanza ni wazi: mshahara wa mwalimu ni deni la Serikali.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha ya nchi iliharibika kabisa. Mshahara wa mwezi haukununua chakula cha juma, na walimu waligoma muda mrefu. Ndipo wazazi walipoanza kuchanga fedha ili mwalimu arudi darasani. Mchango ule uliziokoa shule zisifungwe, nao wastahili heshima. Ubaya ulikuja nyuma yake. Kilichoanza kama dawa ya mwaka mmoja kilidumu zaidi ya miaka 25. Kila mwezi watoto waliokosa fedha walirudishwa nyumbani mbele ya wenzao, na wa kwanza kurudishwa walikuwa yatima na watoto wa wajane.

Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, ilisema elimu ya primari katika shule za Serikali ni ya lazima na ni ya bure. Neno hili lilianza kutekelezwa nchi nzima mwezi wa Septemba 2019. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni, na hiyo ni furaha ya kweli. Lakini palikuwa na walimu wengi wasioandikwa bado katika orodha ya mishahara. Hao walikuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi tu. Siku mlango wa mtoto maskini ulipofunguliwa, chungu cha mwalimu huyo kilipinduliwa. Mwezi wa Oktoba 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma, na mjini Kinshasa wanafunzi wenyewe waliingia katika jumba la Bunge kudai walimu wao warudi.

Walimu wa vijijini waliumia zaidi. Kwa miaka mingi mishahara ilipangwa kwa maeneo, na mwalimu wa Kinshasa alipata zaidi kuliko mwenzake wa msituni kwa kazi ile ile. Tena, mishahara ilipoanza kupitia benki, benki zilikuwa mijini. Ilibidi Caritas Congo ipewe kazi ya kuwapelekea walimu fedha mahali pengi pasipo benki. Mwalimu asafiriye siku kadhaa kwa miguu na kwa mtumbwi ili kupokea mshahara wake, huula nusu njiani, na siku hizo zote darasa lake halina mtu.

ADA NA MSAADA SI KITU KIMOJA

Hapa wanakijiji huuliza swali la haki. «Tumeambiwa shule ni bure. Sisi ni maskini. Tukimpa mwalimu kitu, je, hatuvunji sheria? Tukikataa, je, hatumfukuzi?»

Jibu lahitaji kutofautisha mambo mawili. Ada ni fedha idaiwayo kwa mtoto mmoja mmoja, na asiyelipa hufukuzwa. Hii imekatazwa, na kwa sababu njema: huuza kwa tajiri kile ambacho ni haki ya wote. Msaada ni kazi ya kijiji kizima, itolewayo na watu wazima kwa uwezo wa kila mmoja, wala haimfungii mtoto yeyote mlango. Mjane asiye na kitu huleta maji ya kukandia udongo. Mwenye nguvu hukata miti. Asiye na mtoto shuleni naye huja, kwa kuwa shule ni ya kijiji. Siku ya salongo watu hufyeka njia na kufagia uwanja. Salongo ya nyumba ya mwalimu haizidi hiyo kwa uzito.

Lakini msaada usigeuzwe kuwa mzigo wa watoto. Pengine mwalimu huwatuma wanafunzi kulima shamba lake saa za masomo, au kumchotea maji na kumtafutia kuni. Hapo mtoto hulipa ada kwa jasho, na alipacho ni somo lake. Shamba la mwalimu na lilimwe na wakubwa, siku isiyo ya shule.

KAZI ILIYO MIKONONI MWA KIJIJI

Kijiji hakiwezi kumlipa mwalimu mshahara wa Serikali, wala hakiagizwi kufanya hivyo. Lakini yapo mambo ambayo hakuna waziri awezaye kuyafanya toka Kinshasa.

La kwanza ni nyumba. Nyumba ya miti na udongo, yenye paa lisilovuja na mlango ufungwao, hujengwa na kijiji chenye umoja kwa majuma machache. Ijengwe kabla ya Septemba, isiwe ahadi ya «siku chache». Tena iwe nyumba ya shule, ili mwalimu akihamishwa, ajaye aikute.

La pili ni shamba. Msitu ni mkubwa, lakini ardhi ina wenyewe. Wazee wa koo na wakutane, wamwonyeshe mwalimu mahali pa kulima mpunga na mihogo muda wote atakaofundisha, kwa mapatano yaliyo wazi: shamba ni la kula, haligeuki kuwa urithi. Hivyo hakuna ukoo uogopao kupoteza ardhi, na mwalimu hapokei jembe bila mahali pa kulipiga.

La tatu ni kusema naye. Mwalimu mgeni mara nyingi huondoka kwa upweke kabla ya kuondoka kwa njaa. Mkewe hana rafiki kisimani. Akiugua, hana ndugu wa kumbeba. Wamama wa kijiji waweza kulitengeneza jambo hili kuliko kamati yoyote.

La nne ni kudai. Wazazi wana haki ya kuuliza, kwa adabu na pasipo kuchoka, kwa nini jina la mwalimu wao halimo katika orodha. Barua yenye sahihi za wazazi na mkubwa wa kijiji, ipelekwayo kwa mkubwa wa shule na kwa ofisi ya elimu Kindu, ina nguvu kuliko malalamiko ya mwalimu peke yake. Kunyamaza mbele ya dhuluma ya jirani ni kuisaidia.

Lakini kuna mpaka. Kumshika mwalimu si kumfunika maovu yake. Mwalimu amwaribuye msichana, au alewaye mbele ya watoto, asilindwe kwa neno la kwamba «tukimshtaki tutakosa mwalimu». Shule hujengwa kwa ajili ya mtoto. Kijiji kimtoacho mtoto ili kubakisha mwalimu kimekwisha kuipoteza shule.

MWALIMU AZALIWAYE KIJIJINI

Mwezi wa Januari 2020, huko Kamuthe katika Garissa, nchi ya Kenya, watu wenye silaha waliwaua walimu watatu. Baada ya hayo, walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera kwa usalama wao, na shule nyingi zikabaki tupu. Hakuna awezaye kuwalaumu walioondoka. Uhai hauna badala. Lakini msiba ule ulionyesha udhaifu wa siku nyingi: mahali pale hapakuwa na watoto wa kutosha wa nchi yenyewe waliosomeshwa ualimu. Atokaye mbali huondoka kwanza taabu ijapo, maana ana kwao pa kukimbilia.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1974 iliamua kuharakisha ili kila mtoto aingie shule ya msingi, na walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha vijijini. Elimu yao ilikuwa fupi, na watu walilalamika kwamba masomo yamelegea. Malalamiko hayo yalikuwa na kweli. Lakini watoto wengi ambao wasingaliona mwalimu walijua kusoma. Fundisho ni kuchukua jema na kurekebisha kasoro: kijana wa kwetu asomeshwe, tena asomeshwe vizuri.

Kwa hiyo kijiji chenye hekima hutazama miaka kumi mbele. Huchagua watoto wawili wenye akili na tabia njema, mvulana na msichana, na kuwasaidia kufika sekondari ya ualimu. Msichana asisahauliwe: mwalimu mwanamke huwafanya wazazi wengi wawaache binti zao waendelee na masomo. Wala kijana huyo asifungwe kama mtumwa kwa sababu alisaidiwa. Na apatane na kijiji miaka ya kufundisha nyumbani, kisha awe huru. Naye atakuwa na shamba la baba yake, na ndugu wa kumbeba siku ya homa.

MAMBO YA KUSHIKA

Je, mwalimu aachaye kijiji kwa njaa atenda dhambi?
Asiyepata riziki ya jamaa yake hafungwi kubaki. Lakini afungwa kusema kweli na kuondoka kwa utaratibu.

Mshahara wake ni deni la nani?
Ni deni la Serikali, na wazazi wana haki ya kuikumbusha.

Kijiji nacho kina deni gani?
Nyumba, shamba, urafiki, na kumsemea mwalimu mbele ya wakubwa.

Je, ni halali kumfukuza mtoto asiye na fedha ili mwalimu ale?
Si halali. Msaada wa mwalimu ni kazi ya wakubwa wote, si ada ya mtoto maskini.

Nani ana haki ya kumwambia mwalimu, «Vumilia»?
Yule avumiliaye pamoja naye.

Inasimuliwa katika mfano wetu kwamba mzee alirudi kijijini na vyombo vyake vya mafuta vitupu, akawaita wakubwa wa koo jioni ile ile. Hakuwaambia mengi. Aliuliza tu: «Mwalimu mwingine akija Septemba, atalima wapi?» Kijiji kilichoweza kulijibu swali hilo kabla ya mvua kilikuwa kimekwisha kuanza kupata mwalimu.